Amana ya Mawimbi: Je, Yatupasa Kuomba Stesheni Zifungwe?

Bismillahir Rahmanir Rahim. Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), na jamaa zake na masahaba zake.

Ama baada ya hayo, limeletwa suala katika darasa letu hapa Mumbuni, nalo ni hili: Je, yatupasa sisi Waislamu kuiandikia Serikali na kuiomba izifunge stesheni za televisheni zinazoonyesha picha za aibu na matangazo ya kamari?

Waliolileta suala hili ni wazazi, na uchungu wao ni wa haki. Wanamwona kijana aliyepewa nauli ya kwenda chuoni akaitia katika kamari ya mpira kwa njia ya simu. Na tangazo lililomwita aliliona nyumbani kwao, katika televisheni iliyonunuliwa na baba yake, hali amekaa baina ya baba huyo na mdogo wake. Wanawaona watoto wa miaka tisa wakiyajua mambo ambayo zamani hayakusemwa mbele ya asiyeoa. Mwenye kuwacheka wazazi hawa hana mtoto, au anaye lakini hamjui.

Lakini uchungu wa haki si lazima uzae jawabu la haki. Kwa hivyo yatupasa tulitazame suala hili kwa utulivu, na tuulize kwanza: mawimbi haya ambayo stesheni zinayatumia ni mali ya nani? Kisha tuulize: ni nani mwenye haki ya kuyafunga, na kwa njia gani?

Katika dini yetu ni jambo linalojulikana kwamba maji, malisho na moto ni vitu ambavyo watu wote wana ushirika ndani yake. Wanavyuoni wamelieleza jambo hili kwa urefu, na maana yake kwa ufupi ni kwamba viko vitu ambavyo Mwenyezi Mungu ameviumba kwa wote, wala hakuna aliyevitolea jasho hata aseme ni vyake peke yake. Mawimbi ya hewa yamo katika maana hiyo. Hakuna tajiri aliyeyatengeneza, wala hakuna Serikali iliyoyaumba. Ila yana tabia moja: stesheni mbili zikitumia masafa yale yale katika mji mmoja, hapana itakayosikilikana. Ni kama makhatibu wawili waliopanda mimbari moja wakahutubu kwa wakati mmoja. Wote wawili wamesema, na hapana aliyefahamiwa. Kwa sababu hiyo hapana budi awepo wa kugawa.

Wamarekani walilijua jambo hili kwa taabu. Mwaka 1926 mahakama moja huko iliamua kwamba waziri wa biashara hana uwezo wa kumnyima mtu masafa ayatakayo. Stesheni za redio zikaingiliana na kurukiana hata wasikilizaji wakawa hawapati ila makelele. Mwaka 1927 ikatungwa sheria ya redio, na mwaka 1934 ikatungwa nyingine iliyounda Tume ya Mawasiliano, ambayo baadaye ndiyo iliyosimamia televisheni. Msingi wa sheria hizo ulikuwa huu: mwenye leseni hayamiliki mawimbi, bali hupewa ayatumie kwa muda maalumu, na sharti yake ni kutumikia maslaha ya umma. Na sheria hiyo hiyo iliyoipa Tume uwezo wa kutoa leseni haikuipa uwezo wa kuchuja maneno ya watangazaji.

Huku kwetu mambo yalikwenda njia nyingine. Redio ilianza Kenya mwaka 1928, na ilianza kwa ajili ya walowezi. Shirika la Utangazaji liliundwa mwaka 1961, na televisheni ikaanza mwaka 1962 kwa mtambo uliowekwa Limuru. Mwaka 1964, nchi ikiwa imekwisha pata uhuru, shirika hilo likachukuliwa na Serikali likaitwa Sauti ya Kenya. Tangu hapo mpaka mwaka 1990, ilipoanza stesheni ya KTN, mtazamaji wa Kenya hakuwa na televisheni ila ya Serikali. Na hiyo KTN nayo ilianzishwa na kampuni ya gazeti la chama kilichokuwa kikitawala.

Hatusemi kwamba miaka hiyo haikuwa na kheri. Wazee wetu wanamkumbuka marehemu Leonard Mambo Mbotela na kipindi chake cha "Je, Huu ni Ungwana?", ambacho kilimfunza mtu adabu bila ya kumtukana. Lakini sauti moja ina khatari yake. Agosti 1, 1982, baadhi ya askari wa jeshi la anga walipoasi, jambo walilolikimbilia ni stesheni ya Sauti ya Kenya. Wakamlazimisha huyo huyo Mbotela kuwatangazia watu kwamba Serikali imepinduliwa. Raia aliyefungua redio asubuhi ile hakuwa na sauti ya pili katika nchi yake ya kuipima ile ya kwanza. Palipo na kinywa kimoja, atakayekikamata amewakamata wote.

Leo mambo yamebadilika. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 34, imeikataza Serikali kuwaingilia watangazaji au kumwadhibu mtu kwa sababu ya maoni aliyoyatangaza. Imeruhusu leseni kwa ajili ya kuyapanga mawimbi, na imetaka utoaji wa leseni hizo usiwe chini ya mkono wa Serikali, wala wa wanasiasa, wala wa wafanya biashara. Msimamizi ni Mamlaka ya Mawasiliano, ambayo ilianza mwaka 1999 kwa jina la Tume.

Basi jawabu la suala la kwanza limedhihiri. Mawimbi ni ya watu wote; na kila aliyewekwa juu yake, awe mwenye stesheni au mwenye kutoa leseni, ni mwenye amana. Na kwa kuwa wenye amana ni wawili, khiana nazo zaweza kuwa mbili. Wazazi wetu wameiona moja.

Khiana ya kwanza ni ya mwenye stesheni anayeuza kisichokuwa chake. Amepewa mawimbi ya watu ili awatumikie, naye akayauza masikio ya watoto wao kwa mwenye kamari. Jambo hili si geni. Mwaka 1959 Marekani nzima ilifadhaika ilipojulikana kwamba mashindano ya maswali yaliyokuwa yakipendwa mno katika televisheni yalikuwa ya uwongo; washindani waliambiwa majibu kabla, ili watazamaji wazidi na sabuni na vipodozi vya wenye kulipia vipindi viuzike. Mwaka 1961 Newton Minow, aliyekuwa mwenyekiti wa Tume, aliwasimamia wenye stesheni na kuwaambia waziwazi kwamba televisheni yao imekuwa jangwa. Kwa hivyo mwenye kusema kwamba soko litajirekebisha lenyewe ana jambo la kufikiri hapa. Soko halina haya. Haya wanazo watu.

Lakini tazama namna madhara hayo yalivyoondolewa. Bunge la Marekani lilikataza kwa sheria mashindano ya udanganyifu. Kisha likakataza matangazo ya sigara katika redio na televisheni kuanzia Januari 2, 1971. Sigara zilitoka katika skrini, na stesheni zote zilibaki. Na huku kwetu, kanuni za vipindi zimeweka saa za kuwahifadhi watoto, tangu saa kumi na moja alfajiri mpaka saa nne usiku. Mwishoni mwa Aprili 2025 bodi ya kusimamia kamari ilisimamisha matangazo yote ya kamari kwa siku 30. Katika yote hayo hapana hata stesheni moja iliyofungwa. Hivyo ndivyo sheria ilivyo inapokuwa na akili: huushika uovu kwa jina lake, na huacha kilichokuwa si uovu. Na sisi tuna kanuni katika fiqhi yetu kwamba madhara hayaondolewi kwa madhara mfano wake. Anayeifunga stesheni nzima kwa ajili ya tangazo moja amewanyima watu khabari, mafunzo na onyo la mafuriko, kwa sababu ya jambo ambalo lingeweza kukatwa peke yake.

Khiana ya pili ni ya mwenye kutoa leseni anapoyafanya mawimbi kuwa ya nyumbani kwake. Januari 30, 2018, siku Raila Odinga alipoapishwa na wafuasi wake katika bustani ya Uhuru, Serikali iliizima mitambo ya Citizen, NTV na KTN. Februari 1 Mahakama Kuu iliamuru irudishwe, na amri hiyo haikutiiwa kwa siku kadhaa. Juni 25, 2025, vijana walipotoka kukumbuka waliouawa katika maandamano ya mwaka 2024, Mamlaka ya Mawasiliano iliziamrisha stesheni zote za redio na televisheni ziache kuyatangaza maandamano moja kwa moja, na mitambo ya baadhi yake, NTV na KTN zikiwamo, ikazimwa. Mahakama Kuu ikaisimamisha amri hiyo.

Na tumfikirie mama wa Mumbuni ambaye mwanawe anafanya kazi Nairobi. Siku kama ile anataka kujua njia ipi imefungwa, na risasi zinalia wapi. Hata Matuu, katika kaunti hii hii ya Machakos, watu walipoteza maisha siku hiyo. Mama huyo akifungua televisheni akakuta giza, hataacha kutafuta khabari; ataipata katika simu, kwa mtu asiyemjua, pamoja na picha ambayo labda ni ya nchi nyingine na ya mwaka mwingine. Nasi katika Suratul Hujurat tumeamrishwa kuichunguza khabari kabla ya kuifuata, tusije tukawadhuru watu kwa ujinga. Mwenye kumfungia mtu mlango wa kuichunguza khabari amemsukuma katika lile alilokatazwa.

Sasa tuzilinganishe amri mbili za mwaka huo mmoja. Tangazo la kamari lilipita katika televisheni zetu miaka mingi, likasimamishwa kwa siku 30. Picha ya raia aliye barabarani iliamrishwa ikomeshwe, na siku ile ile mitambo ikazimwa. Hapa ndipo penye jawabu kwa ndugu zetu walioleta suala. Mkono mnaotaka kuuomba uzifunge stesheni kwa ajili ya aibu ndio mkono huo huo uliozifunga kwa ajili ya khabari. Hauna vidole vya namna mbili. Mkiuzoeza kufunga kwa ombi lenu, utafunga kesho bila ya ombi lenu, na utasema kwamba hata watu wa dini walikubali. Na sisi Waislamu wa Ukambani tu wachache. Ikiwa kanuni ya nchi itakuwa kwamba wenye kuchukizwa wakiwa wengi stesheni hufungwa, basi na tujiulize ni redio ya nani itakayofungwa siku wengi watakapochukizwa na adhana au na darasa la tafsiri. Aliye mchache ndiye wa mwisho kuiombea nchi kanuni kama hiyo.

Huenda mtu akasema: Je, hatukuamrishwa kuuondoa uovu kwa mkono? Twasema, ndiyo, lakini wanavyuoni hawakuuacha mkono huo bila ya mipaka. Imam Ghazali ameipanga kazi ya kukataza maovu kwa daraja, ikianza kwa kujulisha na kuwaidhi kwa upole kabla ya kufika katika nguvu. Na ameitaja katika Ihya khabari ya Sayyidna Umar (R.A.), aliyeparamia ukuta wa nyumba ya mtu akamkuta katika maasi, akamkemea. Yule mtu akamjibu kwamba ikiwa yeye amemuasi Mwenyezi Mungu kwa jambo moja, Umar amemuasi kwa matatu: amepeleleza, na upelelezi umekatazwa, ameingia kwa ukutani, na tumeamrishwa kuingia kwa milangoni, na ameingia nyumba isiyokuwa yake bila ya idhini wala salamu. Sayyidna Umar akamwacha, baada ya kumshurutisha atubie. Kweli, televisheni si siri ya chumbani. Uovu wake ni wa hadharani, na kuukataza hadharani ni haki. Lakini funzo lililomo ni kwamba kosa la raia haliufuti mpaka wa mtawala. Ikiwa Umar alifungwa na mlango, waziri wa leo hawezi kuwa huru kuliko Umar.

Na mwingine atasema: Je, hapana kabisa wakati ambapo stesheni yastahiki kunyamazishwa? Upo. Mwaka 1994 nchini Rwanda redio ya RTLM iliwachochea watu kuwaua jirani zao, na mwaka 2003 mahakama ya kimataifa iliyokuwa Arusha iliwatia hatiani waasisi wake. Neno linapokuwa panga, hukumu yake ni hukumu ya panga. Na Katiba yetu yenyewe, katika kifungu cha 33, imeutoa uchochezi wa vita na wa chuki katika uhuru wa kusema. Lakini jambo hilo lataka ushahidi na lataka kadhi. Haliwi kwa waraka unaoandikwa asubuhi na kutekelezwa mchana na yule yule ambaye khabari hiyo inamchoma.

Basi tufanye nini? Tusidhani kwamba mwenye kukataa kufunga ameridhia uovu. Uko mfano wa watu wa dini nyingine ambao twaweza kujifunza kwao, kwani hekima ni kitu kilichompotea Muumini; akikiona hukichukua. Katika mji wa Jackson, jimbo la Mississippi, ilikuwako stesheni ya WLBT iliyowadharau Wamarekani weusi na kuzificha khabari za madai yao. Mwaka 1964 ofisi ya mawasiliano ya kanisa la United Church of Christ, chini ya mchungaji Everett Parker, iliwaweka watu wakaitazama stesheni hiyo kwa juma zima na kuandika kila ilichotangaza. Wakaupeleka ushahidi huo kwenye Tume, kupinga stesheni isipewe leseni upya. Tume ikawaambia kuwa watazamaji hawana haki ya kusikilizwa katika shauri la leseni. Hawakukata tamaa, wakaenda mahakamani. Mwaka 1966 mahakama ya rufaa iliamua kwamba watazamaji wana haki hiyo, na mwaka 1969 ikaibatilisha leseni. Skrini ya Jackson haikuzimwa. Amana ndiyo iliyoondolewa kwa mwenye kuifanyia khiana, ikatiwa katika mikono mingine.

Hiyo ndiyo njia tunayowashauri ndugu zetu. Anayechukizwa na kipindi achukue daftari, aandike siku, saa, jina la stesheni na kilichoonyeshwa, bila ya kuzidisha. Kwani mwenye kuzidisha katika ushahidi ameingia katika uwongo hata kama kusudi lake ni jema. Kisha amwandikie mwenye stesheni, kwa kuwa sheria inamtaka kila mwenye leseni awe na njia ya kupokea malalamiko. Asipojibiwa, aende kwenye Mamlaka ya Mawasiliano, au kwenye kamisheni ya malalamiko ya Baraza la Vyombo vya Habari. Aombe kanuni za saa za watoto zishikwe, na aombe tangazo la kamari liondolewe moja kwa moja na si kwa siku 30. Barua kumi zenye ushahidi zina uzito kuliko sahihi elfu za watu wenye hasira.

Na kabla ya barua iko nyumba. Mlango wa nyumbani haulindwi na Mamlaka yoyote ila baba na mama. Mzazi anayeiacha televisheni iwake tangu magharibi mpaka watoto walale, naye hajui kilichoonyeshwa, hana hoja mbele ya mwenye stesheni. Na akiwa yuko miongoni mwetu anayekodisha chumba chake cha duka kwa wachezeshao kamari, na aanze na kodi hiyo kabla ya kutia sahihi yake katika barua yetu.

Mwisho, tukumbuke njia ya waliotutangulia katika kazi ya kuwaamsha Waislamu wa nchi hizi. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui alipouona upungufu wa watu wake, alitoa Sahifa mjini Mombasa mwaka 1930, na Al-Islah mwaka 1932. Alikuwa na mambo mengi ya kuyalaumu katika zama zake, naye aliyajibu kwa kalamu. Vijana wetu wa Mumbuni wanaojua kamera na simu kuliko baba zao wanaweza kufanya hivyo hivyo kwa sauti na kwa picha, na kipindi kizuri kimoja kitawavuta watoto kuliko makatazo kumi.

Kwa hivyo jawabu letu ni hili: haitupasi kuomba stesheni zifungwe. Yatupasa kudai kanuni ijulikane kabla, ushahidi uletwe, mwamuzi asiwe mwenye kesi, na hukumu iwe kwa kadiri ya kosa. Tukiyadai haya kwa ajili ya tunaowachukia, tutayapata siku tutakapoyahitaji sisi wenyewe. Mwenye jawabu lililo bora kuliko hili na alilete darasani, nasi tutamshukuru.

Wabillahi tawfiq.